Siku Saba

Barua ilisema: unazo siku saba.
Mbili ziliishia Handeni, barua ikiwa
kwenye droo ya mtu aliyekwenda msibani.
Ya tatu ilikuwa Jumapili.
Ya nne Mberwa Muya aliingia kibandani kwangu,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
akaitoa karatasi kwenye mfuko wa sukari
taratibu, kama anayemvua shati mtoto mgonjwa.

Nachapa kwa mia tano ukurasa.
Mikataba ya nyumba, kadi za harusi,
barua za kuomba kazi bandarini.
Maisha ya mtu mzima sikuwahi.

Tuanzie wapi? nikamwuliza.
Akaanzia kwa babu wa babu yake,
aliyetolewa nchi hii hii kwa kamba,
akauzwa kaskazini, akatoroka,
akalima kando ya mto Juba.
Fupisha, nikasema,
ukurasa umejaa na wewe bado hujazaliwa.
Akacheka. Mwaka ule alikuwa bado anacheka.
Kisha bunduki, kisima, usiku,
na ndugu wawili
ambao aliomba majina yao niyaandike kwa herufi kubwa.

Siku ya mahojiano afisa alimwuliza:
maji, kwenu, mnayaitaje?
Mazi, akajibu.
Na afisa, ambaye bibi yake wa Muheza
alimtuma mazi kila asubuhi ya utoto wake,
akaandika: mwombaji anasema lugha ya hapa,
haikuthibitika kwamba amekimbia kokote.
Ofisi ya uraia nayo ikamwambia:
huna cheti, huna shahidi, si wa hapa.
Neno lile lile, mazi.
Mlango mmoja limezidi, mlango wa pili halitoshi.

Siku ya saba, saa tisa na nusu alasiri,
muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA.
Tukanywa chai ya tangawizi kama watu walioshinda.

Wao hawakupewa siku saba.
Wao hawakupewa siku.
Jalada limekwenda Dodoma.
Mhusika yuko semina.
Mhusika amehamishwa, na mhusika mpya
hajakabidhiwa ufunguo wa kabati.
Rudi baada ya bajeti.
Rudi baada ya uchaguzi.
Rudi: neno ambalo yeye, kila akiambiwa,
hunyamaza kidogo
kabla hajaelewa kuwa wanasema Jumatatu tu.

Ndani ya jalada wao ni watu wanne.
Nje walifika watano, wakawa wanne tena:
mtoto alizaliwa msimu wa machungwa,
mama yake Mberwa akazikwa kabla ya msimu uliofuata.
Hesabu imerudi sawa, ila si wale.
Turekebishe? nikamwuliza.
Amesikia kwamba anayerekebisha
anarudishwa mwisho wa foleni.
Basi bibi anaendelea kuishi kule Dodoma,
miaka sabini na moja, mgonjwa wa miguu,
na mjukuu wake, huyu anayetambaa chini ya meza yangu
akivuta waya wa printa,
bado hajazaliwa.

Lugha yetu ina kisu kimoja kwa kazi zote mbili,
kukata rufaa, kukata tamaa,
na mpini wake hauko Ngamiani.

Jana alikuja tena. Mwaka wa nne.
Wanataka nakala nyingine, ile ya kwanza haionekani.
Nikafungua faili niliyoiita
RUFAA MBERWA MPYA MPYA TATU.
Alisimama nyuma ya kiti changu,
akayatafuta kwa kidole yale majina mawili kwenye kioo,
akayakuta, akarudi kukaa.
Sikumtoza.
Nilibadili tarehe, nikabonyeza.
Printa ikakohoa, ikakwama ukurasa wa kwanza,
pale pale babu anapotoroka.
Nikafungua mfuniko, nikamvuta polepole,
kwa mikono miwili,
asichanike.