Kalamu ya Kaunta

Jedwali limefika ndani ya bahasha kubwa ya serikali:
nchi zimepangwa foleni kama watoto wa shule asubuhi,
za uhalifu mwingi mbele, za uhalifu kiduchu nyuma.
Bosi kalibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji.
"Tanga tumeisaidia nchi," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Mimi ndiye mwandishi wa kitabu cha matukio, zamu ya usiku:
Konstebo Mwanakombo Semhando.
Kalamu yangu imefungwa kamba kwenye kaunta
maana kalamu tatu zimeibwa kituoni mwaka huu
na hakuna hata moja iliyoandikwa.

Nimeitafuta nchi ya theluji aliko kaka yangu Mhina.
Iko mbele kabisa, karibu na majambazi.
Mhina kanieleza kwenye simu:
huko mtu akiibiwa kofia anaripoti kofia,
akisukumwa baa anaripoti bega,
na polisi humpigia kesho yake kuuliza bega limeamkaje.
Usiku Mhina anatembea simu mkononi, wala hageuki nyuma.

Huku kwetu, Jumanne, alikuja Mzee Kibwana wa Barabara ya Kumi na Tatu.
Baiskeli. Foniksi, ya kijani, breki ya nyuma haishiki.
"Kuandikisha shilingi ngapi?"
Nikamwambia bure.
Akacheka sana, akadhani namtania,
akaondoka kwenda kuitafuta mwenyewe kwa wauza vyuma chakavu.

Alhamisi akaja mwanamke, jicho limeumuka kama kitumbua.
Nyuma yake mashemeji wawili, kanzu zimepigwa pasi:
"Afande, yameisha. Tumeyamaliza nyumbani."
Nikangoja aseme yeye.
Akalitazama jedwali ukutani
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.
Nilikuwa nimeshaandika tarehe.
Tarehe ikabaki peke yake kwenye mstari.

Sisemi amani haipo.
Saa nane za usiku pita Ngamiani uone
meza za mihogo zilivyoachwa barazani, na hakuna anayezigusa.
Lakini ipo sifuri nyingine, hiyo naijua inavyopikwa,
maana jiko lake ni hii kaunta.
Wanapima dunia kwa rula ya mpira:
kila nchi inaivuta mpaka pale haya yake inapoishia.

Leo alfajiri nimekabidhi zamu.
Baiskeli yangu niliifunga kwenye mlingoti wa bendera, uani kwa polisi.
Nimekuta mnyororo chini, umekatwa safi, kama muwa.

Nikarudi ndani.
Bosi akaniuliza, "Kuna jipya?"
Kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba yake, inazunguka taratibu.

Nikaandika tarehe.
Halafu nikashika njia ya Makorora kwa miguu,
nikikagua kila baiskeli inayonipita.