Nusu Mililita

Chini ya tangi, nyuma ya ndoo ya chumvi
na taulo zilizokakamaa kama ngozi juani,
baba ameweka chupa ya vodka.
Miaka tisa hajaonja. Anayehesabu ni mimi.

Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza,
anavaa miwani, anachukua sirinji
iliyokuja na dawa ya kikohozi ya mwanangu,
anavuta nusu mililita, anaiinua kwenye taa,
anaidondosha penye mkondo wa pampu.
"Kaboni," anasema. "Bakteria wakila hii
hushushia kwa naitreti, hulamba na fosfeti,
huzaana, hunona, kisha chujio huwatoa
wakiwa povu la rangi ya chai ya jana."
Haba na haba, ila hapa kibaba hakijai,
kinapungua.

Alojzy, aliyechimba kaboni miaka ishirini na saba
mita mia nane chini ya Bytom,
anayeikohoa mpaka leo kila asubuhi,
sasa anaipima kwa matone
ili matumbawe yasiyozidi ngumi,
yaliyokuzwa kwenye beseni la duka moja Katowice,
yasiyoijua bahari, kama yeye asivyoijua,
yasifunikwe na mwani.

"Siki haifai?" niliwahi kumuuliza.
"Siki inafaa," akasema. "Najua inafaa."

Kwenye chupa kuna utepe, na kwenye utepe mistari,
kila Jumapili mmoja, kwa wino mweusi.
Utepe ule ni barua yangu.
Akilala nilichuchumaa na tochi ya simu
nikaisoma, wiki baada ya wiki,
kama askari anayekagua leseni.

Februari tulimzika Erwin wa zamu yake.
Usiku huo vodka ilikuwa imeshuka vidole vitatu.
Sikulala. Nilipanga maneno, nikayapangua.
Alfajiri nikaikuta sebule ina baridi ya barabarani,
madirisha yote wazi, theluji kwenye zulia,
maji ya tangi meupe kama uji wa mgonjwa,
samaki wamepanda juu kabisa, wakitweta.
Baba yu katika fulana, mikono imezama mpaka mabegani,
anageuza pampu itazame juu.
"Hewa kwanza," alikuwa akisema, si kwangu.
"Hewa kwanza, Erwin. Mengine baadaye."

Bakteria, kwa shibe ya ghafla,
walikuwa wamevuta pumzi ya wote.

Ilipita saa nzima ndipo akanitazama.
"Nilikuwa nimeshika bilauri," akasema.
"Tangi lilikuwa karibu."

Tulimpoteza samaki wa manjano
na tawi la zambarau alilolipenda mama.
Siku ya nane maji yakarudi kuwa kioo.
Nikapima mimi: naitreti tano.
Bado si sifuri, nikamwambia, kama anayeomba radhi.
"Sifuri si usafi," akanijibu. "Sifuri ni njaa.
Matumbawe hupauka. Acha kidogo kibaki."

Ameanza upya, kwa robo mililita.
Utepe ni mpya pia. Sijauangalia.
Anavuta, anainua, anadondosha,
kisha anakwenda jikoni
kunawa vidole kwa sabuni, mara mbili,
nami nayasikiliza maji
mpaka anapofunga bomba.