Swali la Nne

Karatasi arobaini na mbili juu ya meza,
kalamu nyekundu, chai imeshapoa.
Umeme wa Majengo unakonyeza mara mbili, kisha unatulia.
Swali la nne: Jadili hisia za binadamu
kama zinavyojitokeza kupitia mhusika mkuu.
Mwongozo wa kusahihisha hauna utata:
ushujaa, alama nne; mapenzi, nne;
usaliti, nne; majuto, nne;
zilizobaki, hati na mtiririko.

Wote wameandika shujaa.
Shujaa na upanga wake, shujaa na farasi wake,
shujaa aliyetoka vitani akaoa mara ya pili
na mji mzima ukawashiwa taa.

Ila Mwanakombo Shee, dawati la dirishani,
yule achelewaye kila Jumatatu.
Nusu ukurasa tu, na shujaa hamo.

"Mwalimu," ameandika, kana kwamba mtihani ni barua,
"mimi huyo shujaa sikumlilia.
Nilimlilia mke mkubwa, ubeti wa mia na sita,
anayepika pilau ya harusi ya mke mwenzake.
Hana jina. Hasemi ila mara moja:

    Aliinama mekoni
    upawa u mkononi
    akawambia: 'Onjeni
    chumvi, isije zidiya.'

Kisha mtunzi anatoka naye hamrudii tena.
Mimi bado niko naye mle jikoni."

Nikaandika: Hakujibu swali. Tatu kwa ishirini.
Nikageuza ukurasa.

Nikaurudisha.

Miaka kumi na saba naufundisha utenzi huu.
Dhamira nimeziorodhesha ubaoni hadi chaki ikaniingia kifuani,
wahusika nimewapanga kama vyombo kabatini:
mkuu hapa, msaidizi pale.
"Mke mkubwa," nilisema, "ni mhusika bapa. Hakui."
Bapa. Kama sinia.

Nami nililelewa Kuze,
na mwaka niliokuwa darasa la tano
vigelegele vilitoka nyumba ya tatu kutoka kwetu,
baba akanukia udi usiokuwa wa kwetu,
na mama yangu, Bi Mishi binti Athmani,
akasimama uani juu ya sufuria nne,
leso kaifunga kifuani, jina lake kalipindia ndani
nisilisome.
Akamuuliza mwanamke baada ya mwanamke:
"Chumvi imekaa?"
Imekaa, wakamwambia.
Akamuuliza mwengine.

Watu walisema ana subira.
Wengine, moyo wake jiwe.
Nami niliamini yote mawili,
maana nilikuwa na macho tu, ubeti sikuwa nao.

Huyo mtunzi hakumjua mama.
Alikufa kabla nyanya wa nyanya yake hajatobolewa masikio.
Basi alijuaje upawa?
Pengine siku moja alipotea njia kwenye harusi,
akatokea mlango wa nyuma,
akaona mkono umeganda juu ya mvuke,
akarudi kwake, akachovya kalamu,
akamnyima shujaa wake mistari minne.
Sijui. Hilo halimo kwenye mwongozo.

Mama yuko Kisauni sasa, kwa dada yangu.
Presha imempanda; chumvi daktari kampiga marufuku.
Hunung'unika kila sahani: "Hiki chakula au dawa?"
Jumapili nikimpelekea mchuzi wake wa maji matupu
nitamsomea ubeti ule.
Au sitamsomea.
Au nitamsomea shujaa na farasi wake
nisubiri kama atauliza jikoni kulikuwa na nani.

Nimeikata ile tatu.
Mkuu wa idara, Bwana Chengo, atataka maelezo,
na maelezo sina; nina kisanduku kitupu
na saa sita na robo ya usiku.
Pembeni, kwa penseli, si kwa wino mwekundu,
nimeandika maneno haya tu:
Mwanakombo, kwenu nani anapika?