Mnyororo Chini ya Meza

Mama mkwe alituwekea sheria moja ya mkesha wa Noeli:
kabla kijiko hakijagusa supu, kila mtu ashukuru,
na asiseme "kwa yote."
"Yote ni neno la wavivu," alikuwa akisema,
huku akiuzungusha mnyororo kwenye miguu ya meza
ili mwaka ujao usimng'oe mtu katika nyumba hii.

Mwaka huu mnyororo nimeufunga mimi.
Yeye tulimzika juma la pili la Majilio,
ardhi ya Orava imeganda hata wachimba kaburi
wakawasha moto kwanza, wakaomba radhi, wakachimba.
Sahani yake ipo. Kiti chake kipo.
Vendelín yuko nyumbani tangu Oktoba;
kiwanda cha mbao kimefungwa, na mikono yake
haijui pa kukaa.

Nilichovya kidole kwenye asali,
nikamchora kila mmoja msalaba kwenye paji la uso,
kuanzia mkubwa, kama alivyotuchora yeye.
Tukavunja kaki nyembamba kama hostia,
tukaitafuna pamoja na kitunguu saumu,
utamu na ukali katika tonge moja.
Kisha kimya.

Ľubka, miaka sita, akaanza:
"Asante Mungu kwa Bwana Gustáv."
Gustáv ni samaki. Siku tatu aliogelea
katika beseni letu la kuogea; sasa amekaangwa.
Akaangua kilio,
kisha akaomba apewe mkia.

Matúš, ambaye tangu atimize kumi na mitano
hutupimia maneno kama mwenye duka apimavyo sukari ya mkopo,
akasema: "Kwa maji ya moto. Bomba lilipopasuka
baba alilitengeneza usiku uleule. Mimi nilishika tochi."
Basi. Akainama.
Nikamwona Vendelín akiitazama mikono yake
kana kwamba ameletewa barua.

Yeye alimshukuru Mungu kwa kofi:
lile alilozabwa na mama yake
siku alipochomoa sarafu kwenye kikapu cha sadaka.
"Baba, uliiba kanisani?"
Kicheko kikapita mezani, kikafika kwenye kiti kitupu,
kikarudi polepole.

Ikabaki zamu yangu,
nami sikuwa na kitu. Wewe unajua, Bwana.
Nilikuwa na bili ya umeme nyuma ya saa ya ukutani
na hasira iliyokwama kooni kama mwiba wa Gustáv.
Nikashika kisu badala ya neno.
Desturi yetu ni kulikata tufaha kiunoni:
nyota ya katikati ikitoka nzima,
sote tutaufikia mkesha mwingine tukiwa wazima.

Nikakata. Ncha nne.
Ya tano ilikuwa shimo, na ndani ya shimo
kiwavi mweupe, mnene, anang'aa kwa shibe.

Hakuna aliyepumua.
"Huyo naye," Ľubka akasema, "amekula Noeli."

Sijui ni nini kilichonifungua.
Nikasema: asante kwa miaka kumi na tisa
ya kugombana na mama juu ya chumvi.
Asante kwamba alishinda kila mara.
Supu hii nimeitia chumvi apendavyo yeye,
nayo hailiki.
Tukaila. Tukaimaliza. Matúš akaongeza.

Saa sita kasoro tulipanda kilima kwenda Misa,
theluji ikikatika chini ya viatu kama kaki,
na msalaba wa asali, ambao hakuna aliyeufuta,
ukiganda katika mapaji yetu.

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano.
Mnyororo ulipaswa kufunguliwa jana.
Nimejikwaa mara mbili nikibeba vyombo,
goti la kushoto limevimba.
Vendelín ameuliza kama aufungue.
Nimemwambia, bado kidogo.