Kizingiti

Utsjoki jua liliaga mwezi wa Novemba.
Mezani kwa Oula, kati ya kahawa na kisu chake,
kuna kipokezi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba,
nami ninakifundisha kusikiliza.

Hakijui maneno. Hakijui jina la mtu.
Kinaamka mara nne kwa sekunde,
kinatega sikio kwenye mkondo mmoja wa mawimbi,
kinapima: kuna nguvu, au hakuna?
Kisha kinalala, maana betri ni moja
na baridi ya huku haina haraka.

Hasi mia na mbili. Hasi mia na tatu. Hasi mia na mbili.
Hiyo ndiyo sakafu ya kelele,
vumbi lisilokwisha hata ukifagia.

Kazi yangu ni kuweka kizingiti.
Mwanzo nilikiweka chini, hasi tisini na saba,
nikidhani ukarimu ni kuacha mlango wazi.
Kila kitu kikapiga hodi:
mikrowevu ya bibi Elle saa sita mchana,
taa mbovu ya zizini,
mashine ya kuchomelea ya jirani.
Madebe matupu, naam, lakini kila debe likamrusha mlinzi kitandani.
Siku ya tisa betri ikakata roho.

Nikakipandisha: hasi themanini na tano.
Kukatulia. Nikajisifu.
Asubuhi moja Oula alivaa viatu vyake vya ngozi bila kusema neno,
akarudi jioni na kola mkononi,
ya kulungu jike aliyekwama nyuma ya kilima usiku kucha
akiita kwa hasi themanini na tisa.
Desibeli nne.
Mlango ulikuwa mrefu kumzidi kwa desibeli nne.

Aliiweka kola kando ya kahawa. Ilikuwa ingali inaita.
Kipokezi kikaisikia papo hapo: hasi thelathini na moja,
kama mtu anayekugombeza sikioni.

Usiku huu kizingiti nimekifunga kwenye sakafu yenyewe,
kipande nayo, kishuke nayo.
Na nimekiambia kidude: kitu kikiinuka,
usikurupuke, usilale. Pima tena. Pima mara ya tatu.
Kelele hupayuka ikapita;
anayekuita hasa hurudia, kwa pumzi ileile.

Hasi mia na mbili. Hasi mia na tatu.
Oula anauliza kama kimesikia.
Hasi tisini na moja.
Namwinulia kidole: ngoja.
Hasi tisini na moja.