Umri wa Ini

Vichupa viwili vya damu: Msellem Bwanakai,
mpika haluwa, Kibokoni.
Vimeng'enya vimepanda, chembe sahani zimepungua.
Ini lenyewe kimya,
halijafunzwa kulia.

Hesabu yataka na umri.
Kitambulisho chasema hamsini na moja.
Dadake, mlangoni mwa maabara, akacheka:
"Huyo? Tulimpunguza miaka apate kutiwa skuli!"

Nikaandika hamsini na tisa.
Nambari ikavuka mstari,
ng'ambo ya pili, kwenye makovu.

"Wanikata maini," twasema. "Sina nyongo nawe."
Twalitaja kutwa,
hatulijulii hali.

Nilipomwita arudi
alikuja na ratili ya haluwa, ingali moto,
kunishukuru kabla sijasema neno.
Karatasi ishalowa samli.
Nikaipokea kwa mikono miwili.