Kengele ya Chumvi

Ukumbi wa michezo, Ostrava, mwezi wa Novemba,
harufu ya supu ya kabichi na makoti mabichi,
meza mia mbili, na kila meza watu wawili
wanachanga karata kama wanaopeta mchele.

Pale tunajuana kwa makosa, si kwa vikombe.
Oldřich ni yule wa karata hamsini na tisa:
ya sitini aliiacha nyumbani, imekuwa alamisho
ndani ya kitabu cha mapishi cha mama mkwe.
Květa aliulizwa na muuza maji, "Utachukua?"
Akajibu, "Pasi,"
na mwamuzi, mtu wa kanuni, akaihesabu zamu yake imekwisha.
Tulicheka mpaka Pasaka.

Lakini la Vendelín Hloušek halina mfano.
Limekuwa kitenzi. Vijana wasiomjua kwa sura
husema, "Jana nilihlouška," na meza nzima inaelewa.

Ilikuwa nusu fainali. Ng'ambo ya meza nilikuwa mimi.

Uhai wangu: mbili.
Mbele yake panya wawili, wamelazwa ubavu, hoi,
na Tanuri, ambamo humtupa wako yeyote, saa yoyote, bure.
Pembeni, tangu zamu ya tatu, Kengele ya Chumvi,
karata ya senti tano, pembe zimeliwa:
kila wako akifa, inalia, na adui anapungua moja.
Panya motoni, moja. Panya wa pili, mbili.
Hesabu ya chekechea.

Vendelín, fundi wa tramu, kucha zenye grisi isiyosikia sabuni,
alizitazama karata zake, akazitazama tena,
kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta funguo
alizozishika.

Mimi niliiona. Niliiona dakika nne nzima.
Ni kazi, kutotazama kitu kilicho mbele yako.
Nilikazia macho kifungo cha shati lake, cha pili kutoka juu,
kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kanuni hazikunidai neno. Nimezihifadhi:
mchezaji hana wajibu wa kumkumbusha mpinzani
kilicho chake. Kifungu kipo. Kina namba.

Akashusha pumzi. Akanyoosha mkono.
"Hongera," akasema, "umenimaliza."

Nikaupokea.

Nyuma yetu mtoto, mdomo umejaa mkate na soseji,
akauliza, "Mbona hakuipiga kengele?"

Vendelín akateremsha macho polepole
kama anayefungua barua ya hospitali.
Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi,
na ukumbi ukacheka naye, nami nikacheka,
kuwashinda wote kwa sauti.

Waliosema majuto ni mjukuu hawakusema
kwamba mjukuu huyo aweza kuzaliwa nyumba ya jirani.

Kwa zawadi nilinunua mashine ya kufulia.
Nyeupe, haina kelele; ikimaliza hulia mara mbili,
ti, ti.
Mume wangu hashangai tena kwa nini naikimbilia
kabla haijalia.

Februari nilimkuta kwenye tramu namba nane,
sanduku la karata kwapani.
Alinisogezea nafasi. Alisema Kengele ameitia kwenye fremu,
ukutani, juu ya birika,
"ili nisiisahau tena."
Vilibaki vituo vitatu afike kwake.
Kituo cha kwanza tulizungumzia theluji.
Cha pili hatukuzungumza.
"Na wewe," akauliza, akitabasamu,
mikono mitupu ikichanga karata zisizokuwepo,
"wewe uliiona?"

Nikakitazama kifungo.
Kilishonwa upya, kwa uzi uleule mbaya.

"Hata mimi," nikasema, "sikuiona."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji yake kamili,
akavuta kofia masikioni,
akashuka.